Jeki na stendi: kuinua gari na kulishikilia

jeki nm [i-/zi-] chombo cha kuinulia kitu kizito, hasa gari, kwa muda mfupi: *Lete jeki tubadilishe gurudumu.*

stendi nm [i-/zi-] 1 kituo cha mabasi. 2 chombo cha chuma chenye miguu mipana ambacho gari lililokwisha kuinuliwa huwekwa juu yake ili lisishuke: *Usilale chini ya gari kabla halijakaa juu ya stendi.*

Maneno haya mawili yameingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja, wa gereji, na kwa sababu hiyo wafasiri wengi huyachukua kama ndugu wanaoweza kuvaliana nguo. Kamusi nyingi ndogo zina jeki na hazina stendi ya maana ya pili. Mwanafunzi akitafuta neno la kifaa kinachoshikilia gari, huishia kwenye kifaa kinacholiinua. Kosa la namna hii katika shairi lingemwaibisha mfasiri tu. Katika karatasi ya maelekezo ya ufundi linaweza kumwangushia mtu tani moja na nusu ya chuma kifuani.

Katika karakana moja ya Ujiji, chini ya mwembe, mwandishi wa makala haya alionyeshwa karatasi iliyokuja ndani ya boksi la jeki mpya. Sentensi ya nne ilisomeka hivi: "Baada ya kuinua gari kwa jeki, liweke juu ya jeki kabla ya kuingia chini yake." Fundi kijana aliisoma mara mbili, akauliza: "Mwalimu, si liko juu ya jeki tayari?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili kile, alikuwa amekwisha kutii onyo, na hakuna lililomzuia kujinyoosha chini ya gari. Ni dhahiri kwamba lugha ya awali ilikuwa na maneno mawili, na mfasiri akaona moja linatosha.

Asili na maana

Jeki imetoka katika Kiingereza, na huko ilianza kama jina la mtu. *Jack* lilikuwa jina la kawaida mno, kiasi cha kutumiwa kwa kijana yeyote wa kazi, na baadaye likapewa vyombo vilivyofanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mikono ya kijana huyo. Asili hii inafaa kukumbukwa. Kijana wa kazi huitwa anyanyue mzigo; haitwi asimame nao kichwani mpaka kesho.

Kifaransa kimetenganisha mambo haya vizuri. Kifaa cha kuinulia ni *cric*, na cha kushikilia ni *chandelle*, neno lilelile la mshumaa, bila shaka kwa sababu ya umbo lake la kusimama wima. Kwa mkazi wa Kigoma hili si jambo la mbali. Ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie na Uvira, kaskazini kuna Bujumbura, na mtu aliyejifunza ufundi huko huja na msamiati wa Kifaransa mdomoni. Mfasiri anayeandika kwa ajili ya wasomaji wa mwambao huu asishangae akikuta fundi asiyejua *jeki stendi* lakini anayejua barabara tofauti ya vitu vyenyewe.

Kiswahili cha Kenya kimeipa jeki maisha ya pili. Magazetini husomwa kwamba kilimo *kimepigwa jeki*, au mkopo *umewapiga jeki* wafanyabiashara wadogo, yaani umewainua na kuwapa nguvu. Tanzania wengi wangesema *kupiga tafu*. Nahau hiyo ni nzuri na haina kosa, ila mwalimu aifafanue kwa uangalifu, maana ndani yake jeki imepata harufu ya msaada wa kudumu. Jeki yenyewe haina sifa hiyo. Aliyepigwa jeki na asitafutiwe pa kukaa atarudi chini.

Vitenzi vinavyohusika

Kuna kundi la vitenzi vya kupandisha na kundi la vitenzi vya kushika, na usalama wote umo katika kutoyachanganya.

*Inua* na *nyanyua* hutumika kwa jeki bila tofauti kubwa. Hata hivyo nyanyua huelekea zaidi kwenye kuondoa kitu chini kwa nguvu ya mwili, ilhali inua hufaa hata pale ambapo upande mmoja wa kitu hubaki ardhini. Kwa kuwa jeki huinua kona au upande wa gari, inua ni bora katika maandishi rasmi. *Pandisha* hutumika chombo kinapokwea mahali, kama meli inapopandishwa kwenye chelezo ili itengenezwe. *Opoa* ni ya kutoa kitu majini. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen, iliyounganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi; Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kuandika kwamba "iliinuliwa" si kosa la sarufi, lakini msomaji hatajua ilitoka wapi.

Katika kundi la kushika tuna *himili*, *tegemeza*, *egemeza* na *shikilia*. Himili husemwa juu ya uwezo: *Stendi hii huhimili tani tatu.* Tegemeza na egemeza husemwa juu ya tendo la kuweka kitu juu ya au dhidi ya kingine kisianguke. Angalia usiteleze kutoka egemeza hadi *egesha*, ambayo ni kukifikisha chombo au gari mahali pake na kukisimamisha. Gari huegeshwa kwanza, likainuliwa, kisha likategemezwa.

Mwambao wa bahari ulikuwa na neno mahususi kwa jambo hili kabla ya kuwapo gari lolote. *Gadi*, wingi wake *magadi*, ni nguzo zinazowekwa ubavuni mwa chombo kilichoachwa nchi kavu maji yakipwa, ili kisilale upande. Kitenzi chake ni *gadimu*. Kamusi za karne ya 19 zinalo. Kuna pia *mwega*, wingi *miega*, mti wa kuegemezea ukuta au kitu kinachotaka kuanguka. Wapo wanaopendekeza kwamba gadi ifufuliwe na ipewe maana ya stendi ya gari. Pendekezo hilo linavutia, kwa kuwa kazi ni ileile hasa: kitu kimekwisha kuinuka, sasa kinazuiwa kuanguka. Lakini Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kutajika, neno hilo halikupata sababu kubwa ya kusafiri na misafara hadi Ujiji, na leo hata Pwani vijana wengi wakisikia magadi hufikiria ya kupikia, na wakisikia gadi hufikiria mlinzi. Katika insha, tumia gadi na uifafanue. Katika onyo la usalama, tumia neno ambalo fundi analo tayari.

Fundi ana *stendi*, na wengine husema *jeki stendi*. Kati ya haya mawili stendi ni salama zaidi kimaandishi, kwa sababu jeki stendi ikikatwa na msomaji mwenye haraka hubaki jeki. Tatizo la stendi ni maana yake ya kwanza: "Peleka gari stendi" ni amri ya kulipeleka kwenye kituo cha mabasi. Dawa yake ni kuandika kwa ukamilifu mara ya kwanza, *stendi za kuegemezea gari*, kisha stendi peke yake, na daima pamoja na *juu ya*. Gari likiwa *juu ya stendi* halitachanganywa na lililo *stendi*.

Aina za jeki, na namna ya kuzitaja

Mfasiri hawezi kutaja vizuri kitu asichokielewa, kwa hiyo tuvitazame vifaa vyenyewe kwa jicho la mtu anayetaka kununua kwa ajili ya matengenezo ya nyumbani.

Jeki inayokuja na gari dogo aghalabu ni *jeki ya skrubu*, ya kukunjwa, inayozungushwa kwa mpini. Imetengenezwa kwa kazi moja: kubadilisha gurudumu njiani. Kitako chake ni chembamba na hupinda kwa urahisi gari likisogea. Haifai kuwa chombo cha kazi cha nyumbani, na maelekezo yake yatafsiriwe hivyo waziwazi.

*Jeki ya mafuta* ni jina la jumla la zile zinazotumia mgandamizo wa kimiminika: pampu ndogo husukuma mafuta chini ya pistoni kubwa, na nguvu kidogo ya mkono hugeuka nguvu nyingi ya kuinua. Hapa ndipo ilipo siri ya hatari yake. Mzigo wote umekaa juu ya mafuta yaliyozuiwa na valvu moja na mipira michache ya kuzuia kuvuja. Mpira ukichakaa, au punje ya mchanga ikikaa kwenye valvu, gari hushuka. Pengine polepole kwa saa nzima, pengine mara moja. Hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama jeki kwa nje. Ndiyo maana hata jeki ghali haiwi stendi.

Kuna jeki ya mafuta iliyosimama wima kama chupa. Ina nguvu nyingi kwa umbo dogo, na wenye Land Cruiser na malori huipenda, kwani magari hayo yamekaa juu na ekseli yake hufikika. Kwa gari la chini mara nyingi haiingii. Na mtu akiilaza ili iingie, aina nyingi hushindwa kufanya kazi. Kuna ya pili iliyolala, yenye magurudumu manne na mkono mrefu. Hii ndiyo inayofaa zaidi nyumbani: huingia chini ya gari la chini, kitako chake ni kipana, na anayeisukuma hukaa mbali na gari. Lakini ina sharti moja ambalo karatasi nyingi hulitaja kwa nusu sentensi. Mkono wake unapopanda huchora upinde, kwa hiyo jeki nzima lazima ibingirike kidogo kuelekea gari. Juu ya saruji hufanya hivyo bila kuonekana. Juu ya mchanga wa Kibirizi, au udongo mwekundu uliolowa mvua, magurudumu yake huzama, jeki hukwama, na badala yake kichwa cha jeki huteleza chini ya gari. Mwenye ua wa udongo anahitaji ubao mnene wa mti mgumu, mpana kuliko jeki, kabla hajahitaji jeki kubwa zaidi.

Ipo pia jeki ndefu ya meno, inayobebwa na wasafiri wa barabara za matope. Hulinyanyua gari juu sana, nalo huyumba juu yake. Kwa kukwamua gari inasaidia. Kwa matengenezo iachwe.

Stendi, na vitu vinavyojifanya stendi

Stendi za nyumbani ni za namna mbili. Za *pini* zina bomba lenye matundu. Urefu huchaguliwa na pini nene hupitishwa kati. Za *meno* zina mhimili wenye meno na kikwamizi kinachouzuia kushuka. Za meno huwekwa haraka zaidi, lakini kikwamizi chake lazima kihakikishwe kuwa kimeingia sawasawa. Za pini zina faida ambayo mwandishi huyu huithamini: mtu yeyote, hata mtoto anayepita, huona kwa macho kama pini ipo au haipo.

Stendi huuzwa mbili mbili, na hapa mfasiri ana mtego wa namba. Uzito ulioandikwa wakati mwingine ni wa jozi na wakati mwingine ni wa moja moja. Ukikuta *kwa jozi*, usiliache neno hilo kwa kuona ni la ziada. Vifaa vya Marekani navyo vina tani yao: tani ya huko ni ratili 2,000, takriban kilo 907, si kilo 1,000. "Tani tatu" za Kimarekani ni takriban kilo 2,720. Land Cruiser lililopakiwa linaweza kukaribia au kupita kiwango hicho, na tofauti ya kilo 280 haistahili kupotelea katika tafsiri. Andika kilo.

Mahali pasipo na stendi watu hutumia matofali. Tofali hustahimili uzito ulioenea sawasawa, kama ukutani. Likiwekewa ncha ya chuma, iwe la kuchoma au la saruji, hupasuka kwa mkupuo, bila mlio wa kutangulia. Rimu iliyolazwa ni afadhali kidogo, ila chuma juu ya chuma huteleza. Magogo ya mti mgumu yaliyochongwa bapa na kupangwa kwa kupishana, safu moja hivi na nyingine vile, ni njia ya zamani na ya kuaminika zaidi ya hizo: mti hubonyea na kulia kabla ya kuvunjika. Jina lake zuri la Kiswahili ni *miega ya magogo*. Katika kutafsiri, usitumie *matofali* kwa mabonge ya mbao. Kuna msomaji atakayekuelewa ulivyoandika.

*Kabari* ni neno letu la siku nyingi na halihitaji mkopo: kipande cha pembe kinachokazwa chini ya gurudumu lisibingirike. Hutiwa kwenye magurudumu yanayobaki chini, pande zote mbili, mbele na nyuma ya gurudumu. Katika mji uliojengwa juu ya vilima kama Kigoma uwanja tambarare ni wa kutafutwa, na pia kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui: katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki hiyo imeshika magurudumu yaliyo hewani.

Ukali wa onyo

Kiswahili rasmi kina adabu, na adabu hiyo hujipenyeza katika maonyo. *Haishauriwi kuingia chini ya gari* ni sentensi ya mtu anayeshauri. *Epuka kuingia* humwachia msomaji nafasi ya siku asiyoweza kuepuka. Pale ambapo maandishi ya awali yanakataza, Kiswahili nacho kikataze: *Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.* Neno *peke yake* libaki, kwa kuwa jeki inaweza kuachwa mahali pake kama msaidizi wa stendi; bila neno hilo onyo linakataza jambo jema.

Tena onyo litangulie tendo. Fundi husoma huku mikono ikifanya kazi, na sentensi inayosema "ingia chini ya gari, lakini kabla ya hapo…" imechelewa.

Mfano wa tafsiri

Maelekezo yafuatayo yameandikwa kwa kufuata yaliyosemwa hapo juu, na mwalimu anaweza kuyatumia darasani:

"Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono, kisha tia kabari kwenye magurudumu yatakayobaki ardhini. Kama unafungua gurudumu, legeza nati zake kabla halijaondoka chini. Weka jeki mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji wa gari. Usiiweke chini ya sampu ya oili wala chini ya bati la sakafu. Inua gari kwa jeki. Weka stendi mbili chini ya chesisi au ekseli, katika kimo kimoja, na uhakikishe pini zimepita. Shusha jeki taratibu mpaka gari likae juu ya stendi. Lisukume kwa mkono, ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, liinue tena uzipange upya. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake."

Angalia kwamba jeki imepewa *inua* na *shusha*, na stendi imepewa *kaa juu ya*. Angalia pia *lisukume*, ambalo wanafunzi hulibadilisha kuwa *litikise*. Kutikisa ni kutafuta lianguke. Kusukuma kwa mkono ni kujaribu kama limekaa, tena mtu akiwa bado amesimama nje.

Kuhusu wingi: *jeki hizi* na *stendi hizi* ndizo sanifu. *Majeki* husikika sana gereji na si ya kukemewa katika mazungumzo. *Mastendi* husikika kwa vituo vya mabasi zaidi kuliko kwa chombo hiki.